Mchanga Tuliouosha Pamoja

Mchanga wa tangi la samaki huoshwa kidogo kidogo. Ukijaza beseni kwa pupa, utasugua mpaka vidole vife ganzi na maji yatabaki mazito kama uji. Mume wangu alinifundisha kuchota viganja vichache tu, kumimina maji, kukoroga kwa vidole vilivyotanuliwa, kisha kuliinamisha beseni taratibu ili tope limwagike na mchanga ubaki. Unarudia. Maji hutoka kahawia, halafu huwa kama chai ya maziwa, halafu kama maji yaliyooshewa mchele. Siku ile ya kwanza niliona yametakata, nikasimama kunyoosha mgongo. Yeye akachota kwa glasi, akaiinua juani, akanionyesha vumbi jembamba likielea ndani.

"Bado, Mwalimu," alisema.

Ndivyo tulivyoitana. Wote wawili tulikuwa walimu mjini Kitale, katikati ya miaka ya themanini. Mimi nilifundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi, yeye alifundisha bayolojia sekondari. Mchanga ulitoka mto Nzoia, karibu na Moi's Bridge, ambako rafiki yake alilima mahindi. Rafiki huyo alituletea nusu gunia nyuma ya pikapu yake, akacheka mpaka akashika tumbo alipoambiwa ni wa nini. Tuliketi nyuma ya nyumba, kila mmoja kwenye kigoda chake, beseni katikati yetu, mikono yetu ikigongana majini.

Beseni lilikuwa la mtoto. Lilikuwa la plastiki, la samawati, tulilonunua ili tumwogeshee binti yetu, naye hakuogeshewa humo hata mara moja. Alizaliwa kabla ya wakati wake, akapumua kwa shida siku chache, akanyamaza. Tulimpeleka Misikhu, nyumbani kwa mume wangu, tukamzika karibu na migomba ya mama yake. Kifua changu kilikuwa bado kinatoa maziwa. Wanawake wa boma walinifunga leso, wakaikaza, wakaniambia mimi bado kijana, nitapata wengine. Niliitikia. Sikupata mwingine.

Tuliporudi Kitale hatukumtaja. Hatukukubaliana tusimtaje, ila kila mmoja alikuwa anamchunga mwenzake. Nilipika, tukala, tukasikiliza redio, tukalala. Asubuhi za Kitale zina baridi, na kabla ya msiba huo tulizoea kugombania nani atoke kwanza kitandani awashe jiko. Sasa hakuna aliyegombana. Tulitoka wote pamoja, kimya, kama wageni waliolala nyumba moja.

Jioni moja alirudi amekumbatia vipande vya kioo vilivyofungwa kwa magazeti. Aliviweka mezani kwa uangalifu mwingi, akakaa, akasema bila kunitazama, "Nataka nyumba hii iwe na kitu kinachotembea."

Nilidhani huzuni imempanda kichwani. Kumbe wakati yuko chuoni aliwahi kuona tangi la samaki kwa mwalimu wake mmoja, na tangu hapo alitamani lake. Fundi wa kuchomelea alimtengenezea fremu ya chuma. Vioo alivibandika mwenyewe kwa gundi nyeusi iliyonuka siku nyingi. Tulipolijaza maji mara ya kwanza lilivuja kona zote, zulia likalowa, na tukaangaliana. Kisha yeye akaanza kucheka. Nikacheka pia. Kilikuwa kicheko cha kwanza katika nyumba ile tangu tuzike, na kilitutisha kidogo, tukaenda kutafuta matambara.

Lilipoacha kuvuja, tuliweka ule mchanga. Aliupanga uwe mwembamba mbele na mnene kidogo nyuma, ili uchafu uteremke wenyewe kuelekea kioo cha mbele ambapo ni rahisi kuufikia. Juu yake aliweka sahani ya bati na kumimina maji juu ya sahani ili yasichimbe shimo. Maji yalikuwa ya mvua, maana ya mfereji yalitiwa dawa na ilibidi yakae kwenye ndoo wazi kwanza. Akapanda majani aliyoyatoa mtoni. Samaki wa kwanza walikuwa wadogo, wenye mikia ya rangi, ambao wapenda samaki huwaita gapi. Alipewa na mwalimu mmoja wa Kihindi aliyekuwa anahama mji. Baadaye akaongeza vidagaa wa rangi ya fedha kutoka Nzoia.

Mama mkwe alipotutembelea alivuta kiti mbele ya tangi, akatazama kwa muda mrefu.

"Sasa hii ni samaki ya kuangaria tu?" aliuliza. "Hamuri?"

"Hatuli, mama," mume wangu alisema.

"Ati wanakura, nyinyi mnawaangaria." Alitikisa kichwa. Lakini hakuondoka kwenye kile kiti mpaka chakula kilipoiva, na kabla ya kulala aliuliza kama samaki nao wamefunikwa.

Nilichukua muda kuelewa kwamba mchanga ndio kazi. Samaki wenyewe hawasumbui. Kwenye kokoto uchafu huzama katikati ya mawe ukajificha, ila kwenye mchanga laini hukaa juu, na kila kinyesi na kila chembe ya chakula unakiona. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu. Mume wangu alizima kwanza pampu ndogo ya kuwapa samaki hewa ili isirushe vumbi. Alichukua mpira mwembamba wa maji, akauvuta kwa mdomo mpaka maji yaanze kushuka kwenye ndoo, na mara nyingi alichelewa kuutoa mdomoni, akameza, akatema mate huku nikimcheka.

"Usiuingize ndani ya mchanga," aliniambia aliponipa mpira mara ya kwanza. "Utaunyonya wote. Upitishe juu tu. Kama unapiga pasi bila kugusa nguo."

Nilijaribu. Mkono ulitetemeka, mchanga ukaruka kuingia mpirani, ukalia ndani yake kama mvua juu ya bati. Aliushika mkono wangu kwa nyuma, tukaupitisha pamoja. Uchafu uliinuka wenyewe, mchanga ukabaki chini umetulia, na nyuma ya mpira ulibaki mstari mweupe. Sijui nieleze vipi furaha niliyoipata kwa mstari ule. Nilikuwa nimekaa miezi mingi bila kufanya jambo lolote likafanikiwa.

Kisha tukakosea. Kwa kupenda uzuri wake tuliongeza mchanga, ukawa mnene, na hatukujua kwamba mchanga mnene ukikaa bila kuguswa huoza ndani. Siku moja niliona madoa meusi kwenye kioo, chini kabisa, kama masizi. Mume wangu akachomeka kijiti. Mapovu yakapanda juu, na sebule nzima ikajaa harufu ya yai viza. Kesho yake tuliporudi kutoka kanisani karibu samaki wote walikuwa wanaelea.

Nilikaa sakafuni nikalia. Wakati wa kumzika binti yangu sikulia hivyo, kwa kuwa walikuwepo watu, na kila mtu alikuwa ananiambia nijikaze. Sasa nilipiga yowe kwa ajili ya visamaki vya kuweka kiganjani. Mume wangu aliketi nami pale chini. Hakuniambia ninyamaze. Alipofungua mdomo, alimtaja binti yetu kwa jina tulilompa, mara moja tu, akafunika uso. Tulikaa hivyo mpaka mchana ukaisha. Katika ndoa yetu yote, sijui kama tuliwahi kuwa karibu kuliko siku ile.

Tuliutoa mchanga wote, tukauosha upya, tukarudisha kiasi cha kimo cha kidole kilicholala. Akaleta konokono wembamba wenye ncha, wale wanaozama mchangani mchana na kuulima kutoka chini. Na kila Jumamosi, baada ya kuvuta uchafu, tuliuchokoa mchanga kwa kijiti cha mpera, upande mmoja wiki hii, upande mwingine wiki ijayo, pasipo kuushtua wote kwa pamoja. Haukuwa mweusi tena. Watoto wa majirani walizoea kuja kutazama, na wazazi wao waliokuja kuwachukua walikaa pia. Tulikuwa na nyumba yenye watu. Kuna jioni nilisahau huzuni.

Mwishoni mwa miaka ile ya themanini alipata uhamisho kwenda shule moja nje ya mji wa Bungoma. Tulizungumza kama nami niombe uhamisho. Alisema tungoje kwanza, huenda wakamrudisha, na hata hivyo huko amepewa chumba kimoja tu ndani ya uwanja wa shule. "Halafu hili tangi tutalipeleka wapi?" aliuliza. Nililiona ni jambo la maana. Akaenda na godoro na sanduku la vitabu.

Mwanzoni alirudi kila Ijumaa. Jumamosi tulisafisha tangi, Jumapili tukaenda kanisani, akaondoka. Kisha akaanza kuruka wiki. Kulikuwa na mitihani ya kusahihisha, kulikuwa na michezo, kulikuwa na mwalimu mgonjwa anayemshikia zamu. Sikuwa mjinga, lakini nilimwamini. Nilijifunza kuvuta mpira peke yangu na kumeza maji peke yangu. Alipokuja aliinama mbele ya kioo, akautazama mchanga, akasema, "Umenishinda sasa, Mwalimu." Nilingojea maneno hayo wiki nzima, nisidanganye.

Kisha ikapita karibu nusu muhula bila yeye kuja. Aliacha nyumbani mashati, nikayafua nikayapiga pasi, na siku moja ya katikati ya juma niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikayafunga vizuri kwenye karatasi, nikaenda Bungoma bila kumwambia. Nilitaka kumfurahisha.

Nilifika mchana, saa sita na nusu hivi. Jua la Bungoma ni kali kuliko letu, na nilikuwa nimevaa sweta. Mlinzi wa lango la shule alikuwa mzee mchangamfu.

"Mwalimu wa bayolojia? Haishi hapa ndani," alisema. "Iko nyumba pale ng'ambo ya barabara, ile iko na mlango ya kijani. Lakini saa hii iko darasani. Enda tu, mama iko."

Nilifurahi. Nilidhani mama mkwe amekuja kumtembelea.

Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, amejifunga leso kiunoni, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Nyuma yake alisimama mtoto wa kike aliyekuwa bado anajifunza kutembea, ameshika sketi yake.

"Karibu, mama," alisema. "Unatafuta mwalimu?"

"Ndiyo."

"Atakuja saa ya chakula. Ingia ukae." Akanitazama usoni, akatabasamu. "Wewe ni dada yake wa Misikhu? Mnafanana, hata kutembea. Ingia, ingia. Nisamehe kidogo, kuna kazi niko katikati yake, nikiiacha ataniuliza."

Niliingia. Tangi lilikuwa kwenye kona ya mbali na dirisha, mahali ambapo jua halifiki, kama letu. Lilikuwa dogo kuliko letu. Mchanga ulikuwa mwembamba mbele na mnene kidogo nyuma. Kwenye ukingo kulikuwa na kijiti cha mpera kilichochongwa ncha butu. Chini kulikuwa na ndoo, na sahani ya bati ikisubiri zamu yake. Nilisimama nimekumbatia yale mashati. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia lolote bado, lakini nilikuwa nimekwisha kujua. Mtoto angeweza kuwa wa mtu yeyote. Nyumba ingeweza kuwa ya rafiki. Mchanga ule uliinamishwa na mume wangu.

Yule mwanamke alipiga magoti akauvuta mpira kwa mdomo, akautoa kwa wakati bila kumeza hata tone. Alidhani ninatazama kwa kushangaa, kama wageni wote wanavyoshangaa, kwa hiyo akanieleza kwa ukarimu.

"Uchafu unakaa juu ya mchanga, unaona? Lakini usiingize mpira ndani. Unapitisha juu tu." Akaupitisha, mstari mweupe ukabaki nyuma yake. "Kama unapiga pasi bila kugusa nguo."

Nikakaa kwenye kiti. Mtoto alikuja akaweka kiganja chake kwenye goti langu, akaniangalia. Alikuwa na paji la uso la baba yake.

"Mimi si dada yake," nilisema. "Mimi ni mke wake. Wa Kitale."

Hakuugeuza uso wake mara moja. Aliendelea kushika mpira, na maji yakaendelea kushuka mpaka ndoo ikajaa, yakafurika sakafuni, yakafika kwenye viatu vyangu. Mimi ndiye niliyeinuka nikautoa mpira kwenye tangi, maana samaki walikuwa wanabaki na maji kidogo.

"Alisema ulirudi kwenu," alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Alisema ulikataa kukaa na yeye tangu zamani."

"Sijaenda mahali. Niko kwenye nyumba ile ile."

"Mimi sikujua, mama. Haki ya Mungu, sikujua."

Nilimwamini. Mtoto alianza kulia, mama yake akambeba, akalia naye. Sikuweza kumchukia, ingawa nilijaribu, siku hiyo na baadaye. Nilichukua tambara nikafuta maji sakafuni kwa sababu nilihitaji kuinama ili asinione uso. Alinipokonya tambara. "Usifanye hivyo," alisema. "Tafadhali, usifanye hivyo kwa nyumba yangu."

Mume wangu alitukuta hivyo, wawili tumesimama, tambara likidondoka maji kati yetu. Mikono yake ilikuwa na chaki. Alisimama mlangoni.

"Umekuja," alisema.

Nikamkabidhi mashati nikatoka. Alinifuata mpaka barabarani, akatembea kando yangu kuelekea stendi, akianza sentensi na kuziacha. "Sikujua nitakwambiaje. Nilikuwa peke yangu huku. Mama alikuwa ananiuliza kila siku habari ya watoto." Tulipofika kwenye kivuli cha duka moja nilisimama.

"Ulimwambia kwa nini tulianza kufuga samaki?" niliuliza.

Alinitazama kama nimempiga. "Hapana," alisema.

Mpaka leo sijui kama jibu hilo lilikuwa zuri au baya. Pengine alimhifadhi binti yetu mahali ambapo hakuna mwingine angemgusa. Pengine alimwacha tu Kitale pamoja nami. Sikumwuliza zaidi. Nilipanda gari nikarudi nyumbani nikiwa bado nimevaa sweta yangu.

Alikuja mwezi uliofuata na wazee wa kwao. Walizungumza kwa heshima. Walisema mimi ndiye mke mkubwa, mahari ilitolewa, hakuna anayenifukuza, na mtoto wa mwenzangu ni wangu pia. Mama yangu mwenyewe, aliyeletwa kusikiliza, alinisihi nikubali. Nilisema sitahama, sitadai, wala sitagombana. Niliomba tu asije tena Jumamosi. Wazee hawakuelewa kwa nini Jumamosi. Yeye alielewa. Aliinamisha kichwa. Alipoondoka alisimama kidogo mbele ya tangi, halafu akavaa kofia yake.

Baada ya hapo nililiacha. Sikulivunja wala kulimwaga, sikuligusa tu. Niliwatupia samaki chakula nikapita. Kioo kiliota ukungu wa kijani, mchanga ukafunikwa na utando wa kahawia, samaki wakawa vivuli. Jirani yangu, muuguzi aliyekuwa na mazoea ya kuingia bila kubisha, alisimama siku moja mikono kiunoni.

"Si ulitoe hili kitu, bana," alisema. "Linanuka na linakukumbusha. Nitakusaidia kubeba."

"Hebu subiri," nilimwambia.

Nilimsubirisha mpaka akachoka. Halafu asubuhi moja ya likizo nikavuta ndoo. Nilifuta kioo kwa gazeti lililolowa. Nilivuta ule utando kwa mpira, kipande kwa kipande, nikabadilisha maji sehemu ndogo tu, maana maji yakibadilishwa yote kwa siku moja samaki hufa kwa mshtuko. Kesho yake nikabadilisha mengine. Nilifanya hivyo likizo nzima. Ningependa kusema kwamba moyo wangu ulitakata pamoja na maji, lakini haukutakata. Nilisafisha nikiwa na uchungu, nikamaliza nikiwa na uchungu, na sebule ikawa na tangi safi na mwanamke aliyevunjika moyo. Hata hivyo samaki walizaana. Niliendelea miaka kadhaa, Jumamosi kwa Jumamosi, kwa sababu viumbe wale hawakuwa na mtu mwingine.

Katikati ya miaka ya tisini yule mwanamke alikuja Kitale. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya mlango wangu, amekonda. Alisema mume wetu amelazwa hospitalini, ni figo, na madaktari hawasemi tena maneno ya kutia moyo. "Hajanituma," alisema. "Nimekuja mwenyewe. Nimeona usisikie kwa watu." Nilimpikia chai. Alilitazama tangi langu mara moja, akageuza macho, wala hakusema lolote juu yake, na nilimshukuru kwa hilo.

Kesho yake tulikwenda pamoja. Mume wetu alikuwa amevimba uso na miguu, nisingemtambua kama si sauti. Yule mwanamke alitoka nje akatuacha. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mwalimu," alisema.

"Mwalimu."

"Maji umebadilisha?"

"Jumamosi."

Alifumba macho. Nilikuwa nimepanga maneno mengi tangu Kitale, mengine makali, mengine ya kusamehe, nikayakosa yote. Nilimpangusa paji la uso kwa leso yangu ya mkononi. Alishika kidole changu kimoja, akakishika mpaka muuguzi alipokuja kunitoa. Hatukuonana tena. Alifariki wiki hiyo hiyo.

Alizikwa Misikhu. Wazee waliniweka mbele, kwenye kiti cha kwanza, na mwenzangu kando yangu, maana ndivyo ilivyo desturi. Watu walijaa mpaka kwenye shamba la mahindi. Wanafunzi wake wa zamani walikuja, wengine wakiwa watu wazima wenye suti. Mzee aliyesoma wasifu wa marehemu alisema ameacha wake wawili na mtoto mmoja. Mwenzangu alisikia mkono wangu ukishtuka. Hakujua sababu, ila aliushika. Migomba ilikuwa hatua chache tu kutoka pale tulipokaa, imeongezeka, na pale chini hapakuwa na alama yoyote. Nilitaka kusimama niseme wawili. Nilikaa.

Mahubiri yalikuwa marefu na jua lilikuwa la utosini. Yule msichana, ambaye sasa alikuwa ameanza shule, alikuwa amevaa gauni jeupe lililombana mabegani. Alikuwa amelia tangu alfajiri na sasa alikuwa amechoka hata kulia. Aliupita mkono wa mama yake akaja kwangu, bila kujua mimi ni nani kwa kweli, kama watoto wanavyomwendea mama yeyote aliye karibu. Akapanda mapajani mwangu, akaegemeza kichwa kifuani, akasinzia. Alikuwa mzito, nywele zake zikinuka mafuta ya nazi na moshi. Nilisikia pumzi yake ikiingia na kutoka, ndefu, bila shida yoyote.

Waliteremsha jeneza. Watu walisimama, mimi nikabaki nimekaa. Mguu wangu mmoja ulikufa ganzi, kisha wa pili. Udongo ulipoanza kuanguka mwenzangu alirudi machozi yakimtiririka, akanyoosha mikono.

"Nipe, mama. Amekuchosha."

"Mwache kidogo," nilisema.

Alisimama akingoja. Waliimba wimbo mzima, wakaanza mwingine. Kisha nikamwinua yule mtoto taratibu ili asiamke, nikampa mama yake, akamweka begani. Gauni langu lilikuwa limelowa jasho mahali alipolala. Nilibaki kwenye kiti mpaka lilipokauka.